Kuzalisha klaunifishi nyumbani: anza na ndoo ya rotifa, samaki baadaye

Watu wakiniuliza kuhusu klaunifishi, wale samaki wadogo wa urembo wa baharini, swali la kwanza huwa samaki wanauzwa wapi na tenki iwe kubwa kiasi gani, na mimi kabla sijajibu namuuliza mtu, je, vitoto utawalisha nini asubuhi ile wameanguliwa? Maana hawa samaki kutaga si kazi kwao, wakishapatana na maji yakawa mazuri na wakala wakashiba watataga wenyewe, tena wakizoea ni kila baada ya wiki mbili hivi. Kazi iko kwenye siku kumi za mwanzo. Kitoto anatoka kwenye yai ana urefu wa milimita 3 au 4, mdomo wake ni kama tundu la sindano, chakula cha unga hakitambui, anataka kitu kilicho hai kinachotembea mbele ya macho yake, na akiba kidogo aliyotoka nayo kwenye yai inaisha haraka sana. Kama hicho chakula huna usiku ule, huwezi kukipata kesho.

Mie lilinikuta. Mara ya kwanza waliponitagia nilifurahi nikaita mpaka majirani waje waone, wakaanguliwa kama 200 hivi, na chakula nilichokuwa nacho ni kiini cha yai la kuku nilichochemsha nikachuja kwa kitambaa kama nilivyoelekezwa. Maji yalianza kunuka siku ya pili. Siku ya tatu asubuhi nilikuta vumbi jeupe limelala chini ya tenki, na lile vumbi ndio wao. Iliniuma sana, kwa sababu wazazi walifanya kazi yao vizuri kabisa, dume alikaa na yale mayai wiki nzima akiyapepea, mimi ndo sikuwa tayari.

Kwa hiyo anza na rotifa, angalau wiki tatu au nne kabla hata hujategemea yai la kwanza. Rotifa ni kiumbe mdogo wa maji ya chumvi, wanaomfuga humwita kwa jina lake la kitaalamu Brachionus plicatilis, ukubwa wake ni sehemu ya kumi mpaka sehemu tatu za kumi za milimita. Ukichota maji yake kwenye glasi ukainua mbele ya taa utaona vidoti vyeupe vinatembea kwa kuzungukazunguka, hao ndio. Mbegu yake omba kwa mtu anayefuga au kituo cha kuzalisha (hatchery) samaki wa baharini au kamba, mimi nilipewa kwenye chupa ya lita moja na mpaka leo kizazi kile kile kinaendelea. Tafuta ndoo mbili za lita 20 zilizokuwa na chakula, zisiwe zilibeba rangi au sabuni, tia maji ya bahari yaliyochujwa na uyapunguze chumvi kidogo kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mpaka hidromita, kile kipimo cha chumvi ya maji, isome kati ya 1.015 na 1.020, kisha ingiza paipu tupu ya hewa bila lile jiwe la kutawanya mapovu, unataka mapovu makubwa ya polepole, mapovu madogo madogo yanawasumbua.

Chakula cha rotifa ni mwani ule mdogo usioonekana kwa macho, unaotumika zaidi ni Nannochloropsis, unauzwa ukiwa umekolezwa kama uji wa kijani kibichi na unakaa kwenye friji. Unatia matone mpaka maji yawe ya kijani hafifu, ukirudi jioni ukakuta yamekuwa meupe ujue wamekula, unatia tena. Kuna wanaotumia hamira ya mkate kwa sababu ni rahisi, na kweli rotifa hawafi, ila maji yanachafuka upesi na rotifa aliyelishwa hamira peke yake hana mafuta yale ambayo kitoto cha samaki anayahitaji, anakuwa kama gunia tupu. Hamira itumie kuwavusha ukiishiwa tu. Kila siku unavuna robo ya ndoo, unachuja kwa chujio lenye matundu ya maikroni 53 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wale waliobaki juu ya chujio ndio chakula, maji unayamwaga na kujaza mapya. Usipovuna wanajaa mpaka wanajiua wenyewe.

Na ndoo ziwe mbili kweli, usione nasisitiza bure, ziweke mbalimbali na kila moja na chujio lake, kwa sababu ndoo ya rotifa inaweza kufa usiku mmoja, jioni umeiacha nzima asubuhi ina povu juu na harufu ya yai viza. Ukiwa na moja tu na vitoto wana siku mbili, umepoteza vyote.

Chakula cha pili ni artemia, kijidudu cha maji ya chumvi cha jamii ya kamba, hicho ni rahisi. Mayai yake ni makavu kama unga wa kahawia, yanakaa kwenye kopo miezi bila kuharibika mradi usiyape unyevu, na huku kwetu pwani ya Kenya artemia wapo hata kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni na Marereni kule Kilifi, ingawa wengi wetu tunanunua ya kopo kutoka nje. Kata kitako cha chupa ya soda ya lita 2, igeuze kichwa chini, tia maji ya bahari, nusu kijiko cha chai cha mayai kwa kila lita, hewa kali kutoka chini na taa pembeni. Kwa joto la Mombasa baada ya saa 24 wametoka. Unazima hewa, unasubiri dakika kumi, maganda yanaelea juu, unawasha tochi chini kwenye kifuniko na wenyewe wanashuka kuifuata wakiwa rundo la rangi ya chungwa, unawavuta na paipu. Maganda usiyapeleke kwa vitoto, wakiyameza yanawaziba tumbo.

Sasa maji. Sisi wa pwani tuna bahati ya bahari mlangoni lakini maji ya kuchota ovyo ndiyo yanaleta magonjwa. Mimi nachota maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua, ufukwe unaotazama bahari kuu, sichoti karibu na mkono wa bahari kama Tudor au Mtwapa kwa sababu pale maji ya mito na ya majumbani yanashuka. Wakati wa masika nikiona mvua imenyesha siku tatu mfululizo naacha kabisa, natumia akiba. Nikifika nyumbani nachuja kwa kitambaa kizito, naweka kwenye pipa lenye mfuniko, natia jiki ya kawaida isiyo na manukato, mililita 30 kwa lita 100, napuliza hewa usiku mzima halafu naiua klorini kwa thiosulfeti na kupima na kile kipimo cha watunza mabwawa ya kuogelea mpaka kisome sifuri. Usiruke hapo kwenye kupima. Walioko bara, Nairobi au Dodoma, watanunua chumvi ya akwariamu, kama gramu 35 kwa lita ya maji yaliyosafishwa, chumvi ya jikoni haifai hata kidogo kwa samaki hawa. Hidromita isome 1.025 hivi, pH 8.1 hadi 8.3, joto nyuzi 26 hadi 28. Nairobi utahitaji hita, huku pwani kuanzia Desemba mpaka Machi shida inageuka, kaskazi ikivuma maji yanapanda kupita 30, mimi nawasha feni ndogo ipulize juu ya maji, yanapoa nyuzi mbili hivi, ila yanapungua kwa hiyo unaongezea maji baridi, wala usiongezee ya chumvi maana chumvi haitoki na mvuke.

Tenki mpya usitie samaki siku hiyo hiyo. Weka vipande vya mwamba na filta ya sponji, tia kipande kidogo cha kamba kioze humo, na subiri wiki nne mpaka sita bakteria wajijenge, amonia na naitraiti, zile sumu za uozo, zote zisome sifuri ndio ulete samaki. Hapo sina njia ya mkato ya kukupa.

Samaki wenyewe sasa. Ukiwa mwanzo mwanzo na nafasi ndogo tafuta ocellaris, yule wa chungwa mwenye mikanda mitatu, aliyezaliwa kwenye tenki. Huyu si wa kwetu, kwao ni upande wa Indonesia, Ufilipino na kaskazini mwa Australia, anatosheka na lita 80 na hana ukorofi. Kwa kuwa si wa kwetu usije ukamwachia baharini hata siku moja hata ukichoka kufuga. Wa kwetu ni hasa wawili, akallopisos, mwenye rangi ya waridi-chungwa na mstari mweupe mgongoni, na allardi, yule wa kahawia iliyokolea mwenye mikanda miwili myeupe yenye usamawati na mkia mweupe. Mimi ninao allardi, nawapenda kwa sababu ndio niliokuwa nawaona tangu utotoni nikizamia na wajomba, lakini wanakua wakubwa mpaka kupita sentimita 12 na ni wakali, tenki yangu ni ya lita 200 na nikiingiza mkono jike ananing'ata.

Wa kwetu wakitoka baharini wanunue kwa mzamiaji mwenye leseni, na usikubali waliotolewa kwenye hifadhi kama Kisite au Watamu. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka yakafa, na anemoni, lile kama ua lenye vidole laini vinavyowasha ambalo klauni wanaishi ndani yake, nalo hupauka vile vile likizidiwa na joto. Sehemu yenye anemoni chache ukitoa jike mmoja mkubwa umesimamisha mayai ya pale kwa muda mrefu. Jozi moja ikitaga kwako vizuri, hakuna haja tena ya kwenda kuchukua wengine.

Mambo ya jike na dume yanawachanganya watu. Klaunifishi wote wanaanza bila kuwa jike, mkubwa na mbabe wa kundi ndiye anayegeuka jike, anayemfuata anakuwa dume anayezalisha, wengine wanabaki wadogo wakisubiri. Jike akifa dume anageuka jike na aliye chini yake anapanda. Haiwezekani kurudi nyuma, jike hawi dume tena. Kwa hiyo usiweke majike wawili pamoja, wataumizana mpaka mmoja afe. Chukua wadogo wawili, mmoja awe mkubwa kuliko mwenzake waziwazi, waweke pamoja, watapanga wenyewe. Ukimwona mdogo analala ubavu kidogo na kutetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa, furahi, anamwambia nakutii, jozi imeshikana. Baada ya hapo ni subira, wanaweza kuchukua miezi sita, wanaweza kuchukua zaidi ya mwaka.

Anemoni si lazima nyumbani, inataka taa kali na maji yaliyokomaa, wengi tunazalisha bila hiyo. Wanachohitaji ni sehemu ngumu ya kutagia. Mimi nilitia chetezo kipya cha udongo kisicho na rangi, nimekilaza ubavu, wakakipenda kuliko kigae nilichowawekea. Walishe mara tatu au nne kwa siku kidogo kidogo, uduvi mbichi, ngisi, kamba aliyekatwakatwa, na chakula kizuri cha punje. Jike akishiba vizuri mayai yanakuwa na nguvu na vitoto wanatoka na akiba zaidi, hilo nimeliona kwa macho yangu tangu nilipoacha kuwapa punje peke yake.

Siku mbili tatu kabla ya kutaga dume anaanza kusafisha, anang'ata ule udongo, anausugua kwa mdomo, anafukuza mpaka kivuli. Tumbo la jike linajaa. Mara nyingi ni alasiri, jike anapita polepole tumbo limegusa chetezo anaacha mstari wa mayai, dume anamfuata nyuma anayarutubisha, wanazunguka hivyo saa nzima na zaidi bila kukuangalia. Mayai yanakuwa ya chungwa, kila moja limesimama kama punje ya mpunga iliyobandikwa. Yanaweza kuwa mia na kitu kwa mara ya kwanza, jozi iliyokomaa inafika mamia kadhaa. Mara ya kwanza au ya pili wanaweza kuyala yote, usiwalaumu wala usiyatoe, waache wajifunze. Dume anayapepea kwa mapezi usiku na mchana na kuyatoa yaliyooza. Rangi inaendelea kukolea, na kwenye siku ya sita au ya saba ukimulika kwa tochi kidogo utaona macho, doti mbili mbili zinang'aa kama fedha, mamia yanakutazama. Yakishang'aa hivyo, wanaanguliwa usiku huo au unaofuata, saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa.

Jioni hiyo nahamisha chetezo. Tenki ya vitoto ni lita 40, haina kitu ndani, pande zote nimezibandika karatasi nyeusi kwa nje kwa sababu vitoto wanafuata mwanga na kioo kinachong'aa wanakigonga mpaka wanakufa. Naijaza maji ya tenki ya wazazi ile ile, joto lile lile. Nachukua chetezo chini ya maji kwa ndoo ndogo, mayai hayaoni hewa, halafu nakiweka na jiwe la hewa karibu, mapovu yapite pembeni na kuyatikisa mayai kama yalivyokuwa yakipepewa, yasiyapige moja kwa moja. Kisha giza. Giza kabisa, mpaka kile kitaa chekundu cha chaja nakifunika. Watoto wa nyumbani nawaambia leo huku hakuna kuingia. Baada ya saa mbili namulika kwa sekunde tu, na nikiwaona wanaelea kama nyuzi nyembamba zenye macho, natoa chetezo, napunguza hewa mpaka povu moja moja na nawaacha. Wasipotoka usiku huo, mayai yabaki na hewa yake mpaka usiku wa pili.

Kabla ya kupambazuka natia mwani maji yawe ya kijani, kiasi kwamba chini ya tenki hupaoni vizuri, na rotifa wasipungue kumi kwa kila mililita. Kupima ni rahisi, vuta maji kwa sindano ya mililita 1 ya duka la dawa, iinue mbele ya taa, hesabu vidoti. Nahesabu asubuhi, mchana na jioni, nikikuta watano naongeza. Taa iwe hafifu kutoka juu. Kitoto anayekula anajikunja kama herufi S halafu anaruka mbele, ukiona hivyo tenki nzima moyo unatulia.

Adui wa siku hizi ni amonia. Kila siku navuta uchafu wa chini kwa paipu nyembamba ya hewa, unaingia kwenye bakuli jeupe ili nikimvuta kitoto nimwone nimrudishe, halafu naongeza maji mapya kwa matone, si zaidi ya sehemu ya tano ya tenki. Ukimimina kwa jagi unawaua. Stima nayo uiwekee mpango, mimi ilipotea saa saba usiku na pampu ikasimama kwa muda wa saa nne nikapoteza karibu nusu ya vitoto na ndoo moja ya rotifa, tangu hapo pampu ya vitoto iko kwenye betri ya sola.

Siku ya tano au ya sita naanza kuchanganya artemia waliotoka saa hizo hizo, wachache, rotifa wakiwa bado wapo. Ndani ya nusu saa utaona matumbo yamekuwa ya chungwa. Wale wasio na tumbo la chungwa bado wadogo, hao ndio unawawekea rotifa siku tatu nne zaidi.

Kati ya siku ya nane na ya kumi na mbili wanabadilika. Wanaacha kuelea ovyo, wanashuka chini, mwili unapata rangi ya giza na mkanda wa kwanza mweupe nyuma ya macho unaanza kuonekana, mwembamba kama uzi. Hapa wengi hufa hata kwa mtu mzoefu, hasa kama rotifa walilishwa vibaya wiki iliyopita, unakuta asubuhi wamelala chini wamekufa, ingawa kwa kuwatazama ni wazima. Usibadilishe kitu kwa ghafla siku hizo, si taa, si maji, si chakula. Mimi mzao wa pili niliufikisha hapa nikabaki na 11. Wa tatu nikabaki na 60 na kitu, na tofauti ilikuwa mwani mzuri kwa rotifa na kuvuta uchafu kila siku bila kukosa.

Wakishapata mikanda wamevuka. Wiki ya tatu anza kuwazoesha chakula cha unga laini juu ya artemia, mwezi ukiisha wahamishe kwenye tenki kubwa yenye filta ya sponji ambayo umeikomaza kwenye tenki ya wazazi. Waache wawe wengi pamoja, wakiwa wachache mmoja anawachukia wengine na kuwang'ata mapezi. Angalia vifuniko vya mashavu anayopumulia samaki, ukikuta ambaye vifuniko vimejikunja mashavu yakaonekana huyo usimuuze wala usimfanye mzazi. Ukiona ngozi inatoa ute mweupe na anahema haraka juu juu, mtenge saa hiyo hiyo na utafute daktari wa samaki au mtu anayejua vipimo vya fomalini, ugonjwa huo wa klauni unaua kwa siku moja au mbili. Wakifika sentimita 3, miezi minne mpaka sita hivi, wanaweza kuuzwa, na mnunuzi mwulize kwanza tenki yake ina muda gani, maana klauni akitunzwa anaishi zaidi ya miaka 20.

Lakini hutapata nafasi ya kukaa, kwa sababu vitoto wakiwa ndio kwanza wana mkanda mmoja, kule kwa wazazi dume ameshaanza tena kusugua chetezo. Kama tenki ya vitoto bado ina watu, mzao huo waachie wazazi. Kama iko wazi, ioshe kwa maji baridi, ianike juani siku nzima mpaka ikauke kabisa, halafu nenda ukahesabu rotifa kwenye ndoo zote mbili.